Maswali ya Wasomaji: Kushusha Prednisoloni Bila Kuuangusha Mwili Wala Mifupa

Barua za safari hii karibu zote zimetoka kwa watu waliotumia prednisoloni, dawa ya kundi la steroidi, kwa miezi au miaka, na zinauliza mambo mawili: naiachaje, na mifupa yangu nifanyeje? Zimejibiwa kwa pamoja na daktari wa magonjwa ya viungo na mfamasia. Dozi zote zilizotajwa ni za watu wazima. Ratiba moja ya kushusha steroidi inayomfaa kila mtu haipo, kwa hiyo namba hizi zikusaidie kuzungumza na daktari wako, siyo kumkwepa.

SWALI: Daktari, habari za kazi. Nina miaka 58 na nina polimialjia, ule ugonjwa wa kuuma na kukakamaa mabega na nyonga. Nilianza na prednisoloni miligramu 15, nikashushwa hadi 10, nikakaa hapo zaidi ya mwaka. Mwezi uliopita nilijiona nimepona, nikatoka 10 hadi 5 kwa mkupuo mmoja. Siku ya sita mwili mzima ukaanza kuuma, nikiinuka nasikia kizunguzungu, na chakula sikitamani. Ugonjwa umerudi, au ni dawa? Nirudi kwenye 10?

JIBU: Ndiyo mama, rudi kwenye 10 leo hii, kisha umwone daktari wako ndani ya siku chache. Ukianza kutapika, kuzimia au kuchanganyikiwa, usingoje miadi. Nenda hospitali muda huohuo.

Prednisoloni inashika nafasi ya kotisoli, homoni ambayo tezi za adrenali zilizokaa juu ya figo huitengeneza kila siku. Ubongo ukiona damu imeshiba steroidi za vidonge, huacha kuziamuru tezi zifanye kazi, nazo kwa kukosa amri husinyaa. Hilo linaweza kutokea mtu akishatumia, kwa wiki 3 hadi 4 au zaidi, dozi iliyo juu ya kiasi ambacho mwili wenyewe hutengeneza. Kiasi hicho ni sawa na miligramu 4 hadi 6 za prednisoloni kwa siku. Wewe umekaa juu yake zaidi ya mwaka, na tezi zilizolala muda huo wote haziamki kwa wiki moja. Kwa wengi huchukua miezi, na wapo wanaopita mwaka.

Maumivu yako yanaweza kuwa na chanzo kimoja kati ya vitatu, na dawa ya kila kimoja ni tofauti.

Cha kwanza ni ugonjwa wenyewe kurudi. Polimialjia hurudi kwa sura yake ileile: mabega na nyonga kukakamaa asubuhi kwa zaidi ya dakika 45, mikono kushindwa kuinuka kuchana nywele. Vipimo vya damu vya ESR na CRP, vinavyoonyesha uvimbe mwilini, mara nyingi hupanda. Cha pili ni mwili kuidai dozi iliyozoea: misuli na viungo huuma huku na huko bila mpangilio, uchovu, usingizi mbaya, moyo mzito, na ESR na CRP vimetulia. Hali hiyo hupita yenyewe hatua zikipunguzwa ukali. Cha tatu ndicho cha kuogopwa: kotisoli kupungua kweli. Hapo ndipo penye kizunguzungu cha kuinuka, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula, kupungua uzito, na presha au chumvi ya damu kushuka. Miligramu 5 kwa kawaida zinatosha kuziba pengo la kotisoli, lakini kuna watu haziwatoshi, na dalili zako mbili zinaegemea upande huo. Ndiyo maana tumesema rudi kwanza, maswali baadaye. Mwombe daktari akupime presha ukiwa umelala na ukiwa umesimama, sodiamu, sukari, ESR na CRP.

Sasa ratiba. Kosa lako halikuwa kushusha, lilikuwa ukubwa wa hatua. Kutoka 40 hadi 35 mtu anapunguza sehemu moja kati ya nane. Kutoka 10 hadi 5 anapunguza nusu, ingawa miligramu zilizopungua ni zilezile 5. Ndiyo sababu hatua hufupishwa kadiri unavyokaribia chini. Mpangilio unaotumiwa sana, ugonjwa ukiwa umetulia, ni huu: juu ya miligramu 40, punguza 5 hadi 10 kila wiki; kati ya 40 na 20, punguza 5 kila wiki; kati ya 20 na 10, punguza 2.5 kila baada ya wiki 1 hadi 4. Chini ya 10, punguza 1 kila baada ya wiki 1 hadi 4. Kwa polimialjia madaktari wengi huchagua ule mwisho wa polepole, yaani miligramu 1 kila wiki 4. Piga hesabu: kutoka 10 hadi 5 ni wiki 20, na kutoka 5 hadi sifuri ni wiki nyingine 20. Ni muda mrefu, lakini wanaojaribu kuufupisha huishia kurudi juu na kutumia dawa nyingi zaidi kwa jumla. Hilo ni baya hata kwa mifupa.

Kuna mambo madogo yanayoharibu ratiba nzuri. Omba vidonge vya miligramu 1. Ukikosa, cha miligramu 5 chenye mstari katikati hukatika na kukupa 2.5, na unaweza kumeza 10 leo na 7.5 kesho ili upate wastani wa 8.75. Vidonge vyenye ganda la kulinda tumbo usivikate wala kuvitafuna, kwa sababu ganda likivunjika kazi yake imekwisha. Meza dozi yote asubuhi baada ya kula. Dozi ya usiku huharibu usingizi, na pia inaukandamiza ubongo saa zilezile za alfajiri ambazo ungetaka uanze kuziamsha tezi. Usishushe hatua katika wiki yenye homa, upasuaji, msiba au safari ndefu. Na andika kwenye daftari tarehe, dozi na dalili. Ukimwona daktari baada ya miezi miwili, kumbukumbu peke yake haitoshi.

Jambo la mwisho kwako hasa. Mwenye polimialjia anaweza kupata uvimbe wa mishipa ya damu ya kichwani. Ukipata maumivu mapya ya kichwa, taya kuuma wakati wa kutafuna, ngozi ya kichwa kuuma ikiguswa, au jicho kuona giza hata kwa dakika chache, nenda hospitali siku hiyohiyo. Hapo haizungumzwi tena miligramu 10. Dozi hupandishwa sana na haraka ili kuokoa macho.

SWALI: Nimefika miligramu 5. Nilipimwa kotisoli ikatoka 210, karatasi inasema ni kawaida. Naweza kuacha?

JIBU: Bado. Na kabla ya kuisoma hiyo 210, tumeiona picha ya karatasi uliyotutumia: damu ilitolewa saa 5 na dakika 20 mchana, na umeandika kwamba dawa ulikuwa umeshameza. Kipimo hicho kina kasoro mbili. Kotisoli huwa juu asubuhi na hushuka kadiri siku inavyosonga, kwa hiyo damu hutolewa saa 2 hadi saa 3 asubuhi. Halafu mashine nyingi za maabara huichanganya prednisoloni na kotisoli, hivyo sehemu ya hiyo 210 yaweza kuwa kidonge chako. Rudia kipimo asubuhi, ukiwa hujameza prednisoloni kwa angalau saa 24: dozi ya asubuhi hiyo unaibeba mfukoni na kuimeza mara tu damu ikishatolewa. Anayetumia deksamethasoni, steroidi nyingine, huhitaji muda mrefu zaidi, kwa kuwa dawa hiyo inakaa sana mwilini. Mwanamke anayemeza vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni amwambie daktari, maana huongeza protini inayobeba kotisoli na namba hupanda kwa uongo.

Majibu ya kipimo kilichofanywa vizuri husomwa hivi, kwa nanomoli kwa lita. Ikizidi 300, tezi zimeamka na dawa inaweza kuachwa. Ikiwa kati ya 150 na 300, endelea na dozi ndogo, kisha upime tena baada ya wiki kadhaa au miezi. Chini ya 150, tezi bado zimelala. Endelea na dozi na upime tena baada ya miezi michache. Maabara nyingine huandika mikrogramu kwa desilita, na huko mipaka ni takriban 10 na 5. Angalia kizio kwanza: 10 ya mikrogramu ni habari njema, 10 ya nanomoli ni hatari. Neno “kawaida” lililochapwa pembeni linamhusu mtu asiyetumia steroidi, halikuhusu wewe.

Njia ya pili, isiyo na maabara, ni kuendelea kushuka miligramu 1 kila wiki 4 huku ukichunga dalili. Zote mbili zinakubalika.

SWALI: Shikamoo daktari. Baba yangu anatumia prednisoloni 5 kila siku kwa ajili ya mapafu. Juzi alipata homa na kutapika, tukamzuia asimeze dawa kwa sababu tumbo lilikuwa tupu. Jioni akalegea kabisa. Tulikosea?

JIBU: Marahaba. Mlichofanya hufanywa na familia nyingi kwa nia njema, lakini siku ya homa ndiyo siku ambayo dawa hiyo haipaswi kukosekana. Mtu ambaye tezi zake ni nzima akiugua, hutoa kotisoli mara kadhaa ya kawaida. Za baba yako haziwezi, kwa hiyo ongezeko lote lazima litoke nje.

Kanuni inayotumiwa sana ni hii. Anayetumia 5 kwa siku, akipata homa au maambukizi, hupandishwa hadi 10 kwa siku, mara nyingi zikigawanywa 5 asubuhi na 5 jioni, kwa siku 2 au 3 mpaka homa iishe. Kisha hurudi dozi yake bila kushushwa taratibu. Anayetumia 10 au zaidi kwa kawaida haongezi kwa ugonjwa mdogo, mradi asikose dozi hata moja. Akitapika ndani ya nusu saa baada ya kumeza, ameze tena. Akiitapika na ya pili, safari ya hospitali imeanza, hata kama ni saa 8 usiku. Huko huhitaji sindano ya steroidi iitwayo haidrokotisoni, miligramu 100, kwenye mshipa au kwenye msuli, pamoja na dripu ya maji ya chumvi na kupimwa sukari. Sindano haisubiri majibu ya maabara. Mfike mkisema sentensi moja: “Anatumia steroidi kila siku, na leo hazikai tumboni.” Kwa ugonjwa huu dakika hupotea sana mapokezi, kwa sababu mgonjwa huonekana kama mwenye tumbo la kawaida la kuendesha.

Aandikiwe kadi ya kubeba mfukoni yenye jina la dawa, dozi na ugonjwa. Na kadi hiyo haitupwi siku ya kuacha dawa. Kwa miezi 12 inayofuata, upasuaji, ajali au ugonjwa mkubwa unaweza kuhitaji kinga ya steroidi hata kama mtu ameshazisahau. Daktari wa meno na wa usingizi nao waonyeshwe.

SWALI: Mimi ni mwanaume wa miaka 46, nina baridi yabisi, natumia prednisoloni 7.5 mwaka wa tatu huu. Daktari ananiambia nipime mifupa. Mifupa hainiumi hata kidogo. Si kupoteza fedha?

JIBU: Mfupa unaopungua hauumi, bwana. Unauma ukishavunjika, na hata hapo si kila mara: pingili za mgongo zinaweza kubonyea kimyakimya, na mtu akagundua tu kwamba suruali zimekuwa ndefu. Ukikuta umepungua kimo kwa sentimita 4 kutoka ujana wako, au 2 tangu ulipopimwa mara ya mwisho, omba picha ya eksirei ya mgongo hata kama huna maumivu.

Steroidi huula mfupa kwa njia kadhaa kwa wakati mmoja. Chembe zinazojenga mfupa hupungua na hufa mapema, na zile zinazoubomoa, hasa mwanzoni, huishi zaidi ya kawaida. Utumbo hunyonya kalsiamu kidogo, figo huimwaga nyingi kwenye mkojo, homoni za jinsia hushuka, zako wewe mwanaume zikiwemo. Juu ya yote hayo misuli ya mapaja hudhoofu, mtu huanguka kirahisi, na anguko linaukuta mfupa umeshapungua. Hasara kubwa hutokea miezi 3 hadi 6 ya mwanzo, kisha kasi hupungua bila kukoma. Hatari ya kuvunjika pingili hupanda hata kwa dozi ya kati ya 2.5 na 7.5, na hushuka dawa ikiachwa. Kwa hiyo mwenye kusubiri amalize steroidi ndipo ashughulikie mifupa amechelewa. Kinga huanza pale dawa inapoanza. Tunalisema kwa mkazo kwa sababu hili ndilo tunaloliona likipuuzwa zaidi: kidonge cha tumbo huandikwa siku ya kwanza, cha mfupa husahauliwa.

Mapendekezo ya mwaka 2022 ya Chuo cha Rumatolojia cha Marekani yanasema anayetarajiwa kutumia miligramu 2.5 au zaidi kwa zaidi ya miezi 3 apimwe hatari ya kuvunjika ndani ya miezi 6 ya mwanzo. Wewe umeshapitiliza. Kipimo ni DEXA, picha ya mionzi kidogo sana ya kiuno na nyonga, isiyo na sindano wala maumivu. Namba inayoitwa alama ya T ikiwa -2.5 au chini yake ni osteoporosisi, yaani mifupa iliyodhoofu, lakini mtumiaji wa steroidi huvunjika hata kabla ya kufika hapo, kwa kuwa ubora wa mfupa huharibika kabla uzito wake haujaonyesha. Namba hiyo huingizwa kwenye FRAX, kikokotoo cha hatari ya kuvunjika mfupa kinachotumika kuanzia miaka 40, pamoja na umri, uzito, sigara, pombe na historia ya mzazi kuvunjika nyonga. FRAX huhesabu steroidi kama ndiyo au hapana tu, ikichukulia dozi ya kati. Kwa anayezidi 7.5 kwa siku, matokeo ya mivunjiko mikubwa huongezwa kwa asilimia 15 na ya nyonga kwa asilimia 20. Wewe uko kwenye mpaka. Mtu anayetumia 30 au zaidi kwa zaidi ya siku 30, au aliyekwisha kuvunjika mfupa kwa anguko dogo, anahesabiwa yuko kwenye hatari kubwa sana na huenda akaanzishiwa dawa ya kujenga mfupa kama teriparataidi badala ya zile za kawaida za kulinda mfupa, kama alendroneti.

Wakati unasubiri kipimo, kalsiamu ya jumla iwe miligramu 1,000 hadi 1,200 kwa siku, chakula kikihesabiwa. Glasi ya maziwa ya mililita 250 ina kama 300. Pengo linalobaki ndilo la vidonge, siyo vidonge juu ya chakula kilichokwisha kutosha, maana ziada huenda kwenye mawe ya figo. Soma lebo kwa makini: kidonge cha kalsiamu kabonati cha miligramu 1,250 kina kalsiamu halisi 500 tu. Utumbo haunyonyi vizuri zaidi ya 500 au 600 kwa mara moja, kwa hiyo gawa. Kabonati inahitaji chakula na asidi ya tumbo. Anayemeza omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi, kila siku afadhali atumie kalsiamu sitreti. Vitamini D iwe yuniti 600 hadi 800 kwa siku, zaidi ya hapo kama damu imeonyesha upungufu. Kalsiamu na vitamini D peke yake hazitoshi kumkinga mwenye hatari ya wastani au kubwa.

SWALI: Alendroneti inanichoma kifua. Naimeza kila Jumapili asubuhi na chai, pamoja na kalsiamu ili nisisahau.

JIBU: Kwa namna hiyo unaungua bure, kwa sababu dawa karibu yote haiingii mwilini. Bisifosfoneti, kundi la dawa za mifupa ambalo alendroneti imo, hunyonywa kwa kiasi kidogo sana hata tumbo likiwa tupu, na kalsiamu, chai, kahawa, juisi au maziwa huinasa isinyonywe kabisa.

Fanya hivi. Amka, kabla ya kitu chochote kingine, meza kidonge cha miligramu 70 kwa glasi nzima ya maji matupu, kama mililita 200, ukiwa umesimama au umekaa wima. Siyo maji ya madini yenye kalsiamu nyingi. Usikitafune wala kukimumunya. Usirudi kitandani na usiiname kufunga viatu kwa dakika 30. Zikiisha, kula kwanza, maana chakula cha kwanza ndicho kinachokizuia kidonge kubaki kwenye koo. Kalsiamu ihamie mchana au jioni. Kichomi cha wengi hutokana na kidonge kilichokwama kwenye umio kwa maji ya funda moja. Kikiendelea baada ya kufuata haya yote, au ukimeza kwa shida, acha na umwone daktari. Kuna asidi ya zoledroniki, dripu ya miligramu 5 mara moja kwa mwaka, ambayo haipiti kooni. Kabla yake figo hupimwa, na kalsiamu na vitamini D husahihishwa kwanza. Uwezo wa figo ukiwa chini ya mililita 35 kwa dakika, alendroneti na asidi ya zoledroniki zote mbili hazifai.

Meno yanayohitaji kung'olewa yashughulikiwe kabla ya kuanza. Na ukipata maumivu yasiyoeleweka ya paja au kinena, usiyanyamazie. Dawa hizi, mara chache sana na hasa zikitumika miaka mingi, huleta ufa wa mfupa wa paja. Steroidi zenyewe huweza kuua kichwa cha mfupa wa nyonga. Vyote viwili huanza na maumivu hayo.

SWALI: Nimeacha steroidi, namshukuru Mungu. Nilikuwa nachomwa denosumabu, sindano ya mifupa, kila miezi 6. Naweza kuiacha nayo?

JIBU: Usiikose hata mwezi mmoja kabla hujazungumza na daktari. Denosumabu haibaki kwenye mfupa kama alendroneti. Sindano ikichelewa, ubomoaji wa mfupa hurudi kwa nguvu kuliko ulivyokuwa mwanzo, na pingili kadhaa za mgongo zinaweza kuvunjika kwa mfululizo. Anayeiacha hupewa bisifosfoneti mara tu muda wa sindano inayofuata unapofika. Wanaotumia alendroneti wana nafasi zaidi: steroidi zikishaachwa, DEXA ikiwa nzuri na hakuna mfupa uliovunjika, daktari anaweza kuisimamisha.

SWALI: Nina kisukari, nachoma insulini. Tangu prednisoloni ianze kupunguzwa, jioni natetemeka na kutoka jasho.

JIBU: Pima sukari wakati unatetemeka. Ikiwa chini ya 4 (au 70 kwa mashine za miligramu), kunywa kitu chenye sukari mara moja, na mpigie daktari kesho yake, siyo mwezi ujao. Prednisoloni ya asubuhi hupandisha sukari hasa mchana na jioni, kwa hiyo insulini ya saa hizo ndiyo ya kwanza kupunguzwa kila dozi inaposhuka. Mtu aliyeongezewa insulini kwa ajili ya steroidi anapaswa kupewa ratiba mbili zinazoshuka pamoja. Dawa za presha nazo zaweza kuhitaji kupunguzwa. Sukari ikiendelea kushuka hata insulini ikipunguzwa, fikirieni tezi za adrenali.

SWALI: Sijawahi kumeza steroidi. Ila kwa miaka minne nimepaka krimu ya kung'arisha ngozi, na sasa nina michirizi, uso umevimba, na nikiacha siku mbili nachoka sana. Inaweza kuwa hiyohiyo?

JIBU: Inaweza. Krimu nyingi za aina hiyo zina klobetasoli au betamethasoni, steroidi kali zinazopenya ngozi. Zikipakwa mwili mzima kila siku huzima tezi sawasawa na vidonge. Usiache ghafla. Beba kopo lenyewe kwa daktari, hata kama lebo haitaji steroidi, na mwombe apime kotisoli ya asubuhi. Huenda akakupa haidrokotisoni au prednisoloni kidogo ya kushushia. Tahadhari hiyohiyo inawahusu wanaotumia vidonge visivyo na jina vya kuongeza uzito au “vya viungo” vinavyoondoa maumivu kwa siku moja: deksamethasoni imekutwa humo mara nyingi, na miligramu 0.75 yake ni sawa na karibu 5 za prednisoloni.

Dawa nyingine huingiliana na steroidi, kwa hiyo neno moja kwa wanaotumia dawa za kifua kikuu, za virusi au za fangasi. Rifampisini ya kifua kikuu huifanya prednisoloni iondoke mwilini haraka, kiasi kwamba dozi mara nyingi hulazimika kuongezwa takriban maradufu. Ikishamalizwa, dozi ishushwe tena katika wiki zinazofuata. Ritonaviri ya virusi na itrakonazoli ya fangasi hufanya kinyume: hata steroidi ya kuvuta ya pumu kama flutikasoni, au sindano moja ya steroidi ya kiungo, inaweza kulimbikizana na kuzima tezi. Mfamasia apewe orodha yote, ya kuvuta na ya kupaka ikiwemo.

SWALI: Mazoezi gani ni salama? Mgongo wangu una pingili moja iliyobonyea.

JIBU: Kutembea, pamoja na mazoezi ya kusukuma uzito wa mwili wako mwenyewe. Kaa kwenye kiti kigumu, mikono ikiwa kifuani, simama na ukae mara 10, pumzika, rudia. Zoezi hili hugusa misuli ya mapaja, ile ile ambayo steroidi huila kwanza, na pia ni kipimo: ukishindwa kuinuka bila mikono, mweleze daktari, maana kipimo cha damu cha misuli huweza kuwa safi kabisa. Sukuma ukuta kwa mikono ukiwa wima. Inuka kwa ncha za vidole ukishika meza, kisha jaribu kusimama kwa mguu mmoja sekunde 10, meza ikiwa karibu.

Usikunje mgongo kwenda mbele ukiwa umeshika kitu, usijipinde kiuno huku umebeba, na usifanye zile za kulala chali na kuinua kifua. Kitu cha chini kiokote kwa kukunja magoti, kifua kikiwa wima na mzigo ukiwa karibu na mwili. Maumivu mapya na makali ya mgongo baada ya kukohoa au kuinua ndoo ni ya kupigwa picha kwanza. Kukandwa na kunyooshwa vingoje majibu.